UZI: Kompyuta ya kazi nzito ya zamani inaharibu mafaili kimyakimya. Tutambueje kijiti cha RAM kilicho kibovu?

Karani_wa_Picha (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wenu kuhusu kompyuta ya kazi nzito ya kizazi cha RAM ya DDR3, yenye prosesa moja ya Xeon E5 na sloti nane za RAM zilizogawanyika katika chaneli nne, yaani njia nne za data kati ya RAM na prosesa. Kila sloti ina kijiti cha GB 4, kwa hiyo jumla inapaswa kuwa GB 32. Kazi yake kubwa ni kuunganisha picha za skani zenye ukubwa mno na kuzifunga katika mafaili ya zipu kwa ajili ya kuhifadhi.

Kwa muda sasa mashine hii imekuwa ikinisumbua kwa namna tatu. Skrini ya bluu hujitokeza bila mpangilio, na kila inapokuja huja na msimbo mwingine: mara MEMORY_MANAGEMENT, mara PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, mara IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Zaidi ya hapo, na hili ndilo linaloninyima usingizi, baadhi ya mafaili ya zipu ambayo yalifungwa bila malalamiko yoyote yanagoma kufunguka, na programu inasema yameharibika. Tena kuna nyakati mashine ikiwashwa inaonyesha GB 28 badala ya GB 32, kisha ikizimwa na kuwashwa tena inarudi kwenye GB 32 kana kwamba hakuna lililotokea.

Mambo haya yalianza baada ya kuongeza vijiti viwili vilivyokwisha kutumika, ili kujaza sloti mbili zilizokuwa wazi. Nimeendesha kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows na kimemaliza bila kuonyesha kosa. Wapo wanaonishauri nitupe vile viwili nilivyoongeza, na wapo wanaosema ninunue seti nzima. Kabla sijatoa pesa, naomba kujua njia ya uhakika ya kumpata mbaya wangu.

Bisibisi

Ndugu mleta uzi, umefanya jambo la maana kuuliza kabla ya kununua, kwa sababu dalili ulizozitaja zinaweza kutoka sehemu nne tofauti: kijiti chenyewe, sloti, mkondo wa umeme unaolisha RAM, au kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho kwa mashine ya umri huo kimo ndani ya prosesa. Intel walikihamishia ndani ya prosesa kuanzia kizazi cha Nehalem mwaka 2008, na AMD walitangulia mwaka 2003. Ukinunua seti mpya ya vijiti na ubovu uko kwenye sloti, utakuwa na vijiti vipya na matatizo yaleyale.

Tuanze na kipimo ulichokifanya. Kipimo cha Windows kikiachwa kama kilivyo huendesha kiwango cha kawaida kwa mizunguko miwili tu. Ukibonyeza F1 kinapoanza utapata kiwango kirefu zaidi, lakini hata hicho mimi hukichukulia kuwa kina uwezo wa kusema "ni mbovu" na hakina uwezo wa kusema "ni nzima". Kosa likionekana, amini. Lisipoonekana, bado hujajua kitu. Pakua programu ya kupima RAM iitwayo Memtest86+ toleo la 6 au la baadaye, iandike kwenye flashi, na uiwashe mashine kutoka humo. Matoleo hayo huwaka kwenye mashine za BIOS ya zamani (programu ya msingi inayoiwasha mashine) na za UEFI, mrithi wake, pia, na hilo ni muhimu kwa kompyuta kama yako.

Kabla ya hapo, naomba ufanye mambo mawili. Rudisha mipangilio ya BIOS kwenye hali ya kiwandani, na kama betri ya CR2032 haijawahi kubadilishwa, ibadilishe, maana mipangilio ikipotea ovyo utakuwa unapima mashine tofauti kila siku. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha, halafu vitoe vijiti vyote nane na uvipange mezani. Vipe namba kwa kalamu juu ya lebo, 1 hadi 8. Hesabu chipu nyeusi zilizo kwenye kila kijiti, upande wa mbele na wa nyuma, usihesabu ile ndogo ya katikati yenye miguu minane. Andika hapa ulichokiona.

Karani_wa_Picha

Mkuu Bisibisi, nashukuru. Nimevitoa na kuvipa namba. Kijiti namba 1 hadi 6, ambavyo ni vya zamani, vina chipu 18 kila kimoja, yaani tisa mbele na tisa nyuma. Kijiti namba 7 na 8, ambavyo ndivyo nilivyoongeza, vina chipu 16, nane kila upande. Volti zilizoandikwa kwenye lebo zote ni 1.5.

Bisibisi

Hapo ndipo nilipotaka tufike, na naomba uniruhusu nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu jibu la uzi huu linategemea zile chipu mbili za ziada.

RAM ya kawaida husomwa biti 64 kwa mara moja. Kijiti chenye chipu nane upande mmoja hugawa biti hizo nane nane, kila chipu na zake. Kijiti chenye chipu tisa kina biti nyingine 8 juu ya zile 64, jumla 72, na biti hizo hazibebi data yako bali hubeba hesabu ya kuikagua. Huo ndio mfumo wa ECC. Msingi wake ni hesabu ambayo Richard Hamming wa Bell Labs aliichapisha mwaka 1950: biti moja ikigeuka kati ya zile 64, kidhibiti huitambua na kuirekebisha papo hapo kabla prosesa haijaipokea, na biti mbili zikigeuka kwa pamoja, kidhibiti hakiwezi kuzirekebisha lakini hujua kwamba kuna kosa na hupiga kelele.

Sasa, vijiti vyako sita vya zamani ni vya ECC, na viwili ulivyoongeza si vya ECC. Mazabodi nyingine, yaani mbao kuu za kompyuta, hukataa kabisa kuwaka na mchanganyiko huo. Nyingine hukubali, lakini hukubali kwa sharti: huizima ECC kwa mashine nzima, kwa vijiti vyote nane, kwa kuwa haziwezi kukagua baadhi ya anwani na kuziacha nyingine. Naamini mashine yako ni ya kundi hili la pili. Tangu siku ile imekuwa ikifanya kazi bila mlinzi.

Unaweza kulithibitisha hilo bila kukisia. Washa Linux kutoka kwenye flashi na uendeshe amri ya dmidecode --type 16, uangalie mstari wa aina ya usahihishaji wa makosa. Kisha endesha dmidecode --type 17, na kwa kila kijiti utaona upana wa jumla na upana wa data. Cha ECC kitaonyesha 72 na 64, kisicho cha ECC kitaonyesha 64 na 64.

Kwa hiyo nakuomba usivihukumu vijiti namba 7 na 8 kwa sababu tu matatizo yalianza vilipoingia. Inawezekana ni vibovu. Inawezekana pia ni vizima kabisa, na kilichotokea ni kwamba kuingia kwao kulifunua ubovu wa zamani ambao ECC ilikuwa ikiuficha kwa kuusahihisha kila siku.

Taa_Nyekundu

Wakuu, mimi ningemshauri achukue kifutio cha penseli asugue meno ya dhahabu ya vijiti vyote kisha arudishe. Mara nyingi RAM "mbovu" ni uchafu tu, na mashine nyingi zimepona kwa njia hiyo.

Bisibisi

Ndugu Taa_Nyekundu, ni kweli kwamba uchafu na ukungu wa oksidi kwenye meno huleta dalili hizihizi, na kusafisha ni hatua ya lazima. Ninachopinga ni kifutio. Dhahabu iliyopakwa kwenye meno yale ni nyembamba sana, na kifutio hukwangua. Ukirudia mara kadhaa unafika kwenye nikeli na shaba iliyo chini yake, ambapo oksidi hushika haraka kuliko mwanzo. Vilevile huacha vumbi la mpira ambalo huangukia ndani ya sloti. Atumie alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi, afute kuelekea chini upande wa meno, aache vikauke. Sloti azipulize kwa hewa kavu, asiingize kitu chochote cha chuma. Anaporudisha, ahakikishe mwanya wa kijiti umelingana na kinundu cha sloti na kwamba vishikizo vya pande zote mbili vimefunga vyenyewe kwa mlio.

Karani_wa_Picha

Nimesafisha kwa alkoholi kama ulivyoelekeza. Type 16 inasema hakuna usahihishaji wa makosa, na type 17 inaonyesha vijiti sita vyenye 72 na viwili vyenye 64, kama ulivyotabiri. Baada ya hapo nimepima kwa Memtest86+ kijiti kimoja kimoja, vyote nane, katika sloti ileile ambayo mchoro wa ndani ya mfuniko unasema ijazwe kwanza. Vyote vimepita bila kosa hata moja. Nimechanganyikiwa. Ina maana vijiti vyote ni vizima?

Bisibisi

Hapana, ndugu, na matokeo hayo ni ya thamani kubwa kuliko unavyodhani. Fikiria kilichotokea ulipoweka kijiti namba 1 peke yake. Mashine iliona kijiti kimoja tu, kikiwa cha ECC, kwa hiyo ikaiwasha ECC tena. Memtest86+ iliandika data na kuisoma, na kama kuna biti iliyogeuka njiani, kidhibiti kiliirekebisha kabla programu haijaiona. Programu ilipokea jibu safi na kuripoti jibu safi. Uwezo wake wa kusoma ripoti za ECC moja kwa moja haupo kwa kila aina ya prosesa, hivyo usiutegemee kwa mashine yako.

Kwa hiyo umethibitisha kwamba namba 7 na 8, ambavyo havina ECC ya kuvificha, vinaelekea kuwa vizima. Kuhusu namba 1 hadi 6 umethibitisha tu kwamba hakuna kosa lililoishinda ECC. Hapo tuna njia mbili, na ningependa utumie zote ili moja iwe shahidi wa nyingine.

Njia ya kwanza ni kuizima ECC. Kama BIOS yako ina kipengele cha kuizima, kizime. Kama haina, tumia vijiti ulivyoviongeza: weka namba 7 kama mwenzi, kisha umuunganishe na namba 1, halafu namba 2, na kuendelea mpaka namba 6, kila jozi kwa mizunguko kadhaa. Mwenzi asiye na ECC ataizima ECC, na kosa likiwepo litaonekana wazi. Jozi itakayotoa makosa, irudie kwa mwenzi namba 8 badala ya 7, na uzibadilishane sloti zao. Tahadhari hapa: anwani unayoionyeshwa na programu haikuambii moja kwa moja ni kijiti kipi, kwa sababu kidhibiti huzisambaza anwani kwa zamu kati ya chaneli ili kuongeza kasi. Kwa hiyo usiseme "anwani iko juu, basi ni kijiti cha mwisho". Hukumu kwa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuangalia kosa linamfuata nani.

Njia ya pili ni kuiacha ECC iwake na kusoma daftari lake. Katika Linux, dereva iitwayo sb_edac hushughulikia prosesa za Xeon E5 za kizazi hicho, na idadi ya makosa hupatikana chini ya /sys/devices/system/edac/mc. Faili la ce_count huhesabu makosa yaliyosahihishwa, la ue_count huhesabu yale yaliyoshindikana. Weka kijiti kimoja cha ECC, endesha programu ya memtester iisumbue sehemu kubwa ya RAM, kisha soma namba hizo. Vijiti vikiwa vingi, programu ya rasdaemon itakutajia pia chaneli na DIMM, yaani kijiti, ila kumbuka hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo chaneli namba 2 ya Linux ni ya tatu ukihesabu kwa kidole.

Pima mfuniko ukiwa umefungwa na mashine ikiwa imeshapata joto. Kila seli ya DRAM, yaani RAM ya aina hii, ni kapasita ndogo sana inayovuja chaji, na ndiyo maana kila mstari wake lazima uhuishwe ndani ya milisekunde 64. Joto huongeza kasi ya kuvuja, hivyo seli dhaifu inayofika kwenye muda huo ikiwa hai mashine ikiwa baridi inaweza kushindwa baada ya saa kadhaa za kazi. Tena kompyuta za aina hii hupoza RAM kwa njia ya hewa iliyopangwa kwa kutegemea mfuniko. Ukipima zikiwa wazi unapima hali ambayo haipo wakati wa kazi.

Mtafiti_Kimya

Naomba kuuliza kando kidogo. Husemwa kwamba biti hugeuzwa na mionzi kutoka angani. Je, haiwezekani kwamba hakuna kijiti kibovu na haya ni makosa ya bahati mbaya?

Bisibisi

Swali zuri. Mionzi hiyo ipo kweli, na tangu miaka ya 1970 inajulikana kuwa hata chembe za alfa kutoka kwenye vifungashio vya chipu ziliweza kugeuza biti. Lakini mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake wawili wa Google walichapisha utafiti wao juu ya seva za kampuni hiyo, na wakakuta kwamba takriban theluthi moja ya mashine na zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vilipata angalau kosa moja lililosahihishwa kwa mwaka. Walichohitimisha ni kwamba makosa mengi yalielekea kutoka kwenye ubovu wa kudumu wa vifaa, na kijiti kilichowahi kukosea kilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena. Kipimo cha vitendo ni hiki: kosa la mionzi halirudi mahali pale pale. Kosa linalorudi kwenye biti ileile ni la kifaa.

Karani_wa_Picha

Wakuu, nimepata majibu. Jozi zote zimepita isipokuwa yenye kijiti namba 3. Kila namba 3 kinapokuwepo makosa yanatokea, awe mwenzi wake ni 7 au 8, na hata nilipobadilishana sloti. Mfano mmoja wa mstari wa kosa: thamani iliyotarajiwa ilikuwa ffffffffffffffff na iliyosomwa ilikuwa fffffffffffffbff. Anwani zinatofautiana, lakini zote ziko katika eneo dogo, na tofauti ni ileile kila mara. Makosa huanza baada ya mashine kupata joto.

Upande wa Linux, kijiti namba 3 kikiwa peke yake ce_count inapanda na ue_count inabaki sifuri. Vijiti vingine vitano vya ECC vinabaki sifuri kote kuwili.

Nimerudi pia kwenye daftari la matukio la Windows na kutafuta chanzo kiitwacho WHEA-Logger. Yamo maonyo ya makosa ya kumbukumbu yaliyosahihishwa, na yana tarehe za kabla sijaongeza namba 7 na 8. Baada ya kuviongeza, maonyo yamekoma kabisa.

Bisibisi

Ushahidi umekamilika, na hilo la mwisho ndilo la kuvutia zaidi. Maonyo yalikoma kwa sababu aliyekuwa akiyaandika alizimwa.

Tuusome mstari wako wa kosa kwa faida ya wasomaji wengine. Ukilinganisha thamani mbili ulizoandika, tofauti yake ni 400 kwa hesabu ya kumi na sita, yaani biti namba 10 tukihesabu kutoka sifuri. Biti hiyo imo katika kundi la biti 8 hadi 15, ambalo kwa kijiti cha aina yako hubebwa na chipu moja. Biti moja ikikosea katika anwani moja tu, ni seli iliyochoka. Biti ileile ikikosea katika anwani zote za kijiti, shuku jino chafu au mguu wa chipu ulioachia. Biti zote nane za kundi moja zikivurugika, chipu nzima imekufa. Makosa yakitapakaa kila mahali kwenye biti zozote na yakahama ukibadilisha vijiti, acha vijiti na uangalie umeme, kasi iliyopangwa kwenye BIOS, au prosesa. Kwako ni biti moja, eneo dogo, baada ya joto: sehemu ya chipu moja ndani ya kijiti namba 3 imeanza kushindwa kushika chaji. Kusafisha hakutaiponya.

Bado hatujagusa GB 28, na naomba usidhani ni ugonjwa uleule. Kijiti chenye seli mbovu huonekana na kuhesabiwa kama kawaida. Kijiti kinachotoweka kizima wakati wa kuwaka ni kile ambacho mashine imeshindwa kuwasiliana nacho, ama kwa sababu chipu ndogo ya SPD, ile yenye miguu minane inayotoa maelezo ya kijiti, haikusomeka, ama kwa sababu chaneli yake haikuweza kuoanishwa. Mashine ikionyesha GB 28 tena, usiizime. Soma type 17 uone ni sloti ipi imeandikwa kuwa tupu.

Mtafiti_Kimya

Kabla hajakitupa kijiti namba 3: Linux ina njia ya kuzikwepa anwani mbovu kwa memmap, au GRUB_BADRAM, na Windows ina orodha ya kurasa mbovu kupitia bcdedit. Je, haitoshi kuzifungia anwani hizo na kuendelea?

Bisibisi

Njia hizo zipo na zinafanya kazi, na kwa kompyuta ambayo RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi ningezipendekeza bila kusita. Ila zinafaa pale eneo bovu linapokuwa dogo na lisilokua. Hapa anwani zinatofautiana na joto linazileta, maana yake kesho zitaongezeka seli ambazo leo bado zinamudu. Tena anwani hubadilika ukibadilisha mpangilio wa vijiti, hivyo orodha ya leo haitafaa kesho. Kwa kijiti kinachochomoka kwa vidole viwili, kichomoe. Wala usimgawie mtu mwingine bila kumwambia. Kiandike wazi juu ya lebo kwamba ni kibovu.

Karani_wa_Picha

GB 28 imejitokeza tena na nimesoma: ni sloti ya pili ya chaneli ya nne. Nimehamishia humo kijiti namba 1, ambacho kimethibitika kuwa kizima, na baada ya kuwasha na kuzima mara kadhaa nacho kimetoweka. Kilichokuwa humo mwanzo nimekihamishia sloti nyingine na kinaonekana muda wote.

Bisibisi

Basi ubovu unabaki na sloti, haumfuati kijiti. Usikimbilie kusema mazabodi imekufa. Kwanza mulika sloti hiyo kwa tochi uone kama kuna mguso uliopinda au uchafu. Kama ni safi, nenda kwenye prosesa, kwa sababu nyaya za sloti hiyo huishia kwenye pini za soketi. Soketi za prosesa hizi zina pini laini zinazokandamizwa na prosesa kutoka juu, na hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ikikazwa upande mmoja zaidi ya mwingine, baadhi ya pini hugusa kwa shida. Chaneli moja au kijiti kimoja kinachokuja na kutoweka ni dalili inayojulikana sana ya hali hiyo.

Fungua hitisinki, futa pesti ya zamani, inua prosesa kwa kuishika kingo, na uangalie pini zote kwa kuinamisha mwanga pembeni: pini nzima huakisi mwanga kwa mistari iliyonyooka, na iliyopinda huonekana mara moja kwa kuvunja mstari. Kama zote ni nzima, usiziguse. Rudisha prosesa, weka pesti mpya, na ukaze skrubu kwa kupishana kona na kona, kidogo kidogo, mpaka zote zifike mwisho.

Karani_wa_Picha

Hakukuwa na pini iliyopinda, lakini skrubu mbili za upande mmoja zilikuwa zimelegea, zimegeuka kwa vidole bila bisibisi. Nimerudisha kwa pesti mpya na kukaza kwa kupishana. Tangu hapo sloti ile haijapoteza kijiti, mashine ikiwa baridi wala ikiwa na joto. Nimeondoa namba 3, 7 na 8, na nimebaki na vijiti vinne vya ECC, kimoja kwa kila chaneli, huku cha tano nikikiweka akiba. Type 16 sasa inaonyesha ECC inafanya kazi, na baada ya usiku mzima wa kuisumbua RAM, ce_count na ue_count zote ni sifuri. GB 16 zinanibana kwa kazi zangu, kwa hiyo nitatafuta vingine.

Bisibisi

Vizuri sana. Unapotafuta, hesabu chipu kabla ya kulipa, na hakikisha ni vya ECC visivyo na rejista kama hivyo ulivyonavyo. Vile vya seva vyenye rejista huwa na chipu nyingine pana katikati ya kijiti, na aina hizo mbili hazikai pamoja katika mashine moja hata kama vinaingia kwenye sloti bila shida. Vya volti 1.35 vinavyokubali pia 1.5 vinaweza kuchanganywa na vyako. Mashine itavilisha vyote 1.5.

Limebaki jambo la mafaili yako, na kwangu ndilo kubwa kuliko RAM. Kila faili lililofungwa, kunakiliwa au kuhifadhiwa upya tangu ECC ilipozimwa huenda lilipita kwenye biti namba 10 ya eneo bovu la kijiti namba 3. Daftari la WHEA-Logger limekupa tarehe: chukua siku uliyoongeza vijiti kama mwanzo na siku uliyokitoa namba 3 kama mwisho, kisha uorodheshe mafaili yote yaliyoandikwa katikati. Ya zipu yana CRC, yaani hesabu ya kukagua data, ndani yake, hivyo programu itakuambia lipi limeharibika ukiendesha ukaguzi bila hata kulifungua. Lakini angalia: CRC ilihesabiwa na mashine ileile, na kama picha iligeuka biti ikiwa RAM kabla ya kufungwa, zipu itasema ni salama huku picha ndani yake ni mbovu.

Kwa hiyo, kwa picha ambazo asili yake ipo kwenye diski nyingine au kwenye kadi ya skana, toa alama ya SHA256 ya asili (msimbo unaobadilika faili likibadilika) kwa amri ya certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, fanya hivyo kwa nakala, na ulinganishe. Kwa zile ambazo asili imefutwa, zifungue kwa macho, na usizifute nakala rudufu za zamani zilizofanywa kabla ya tarehe ya mwanzo, hata kama programu ya kuhifadhi inakuonyesha kwamba ipo nakala mpya zaidi. Ikiwa nakala hujiandika upya zenyewe kila wiki, sitisha ratiba hiyo leo kabla hujaanza kukagua.

Karani_wa_Picha

Nimeshasitisha ratiba. Naanza na zipu za mwezi wa kwanza wa kipindi hicho, na nitaweka hapa idadi ya zilizoharibika nikimaliza.